Vimeng'enya vya maganda ya nanasi kwenye chakula cha mifugo: kipi kinafanya kazi na kipi ni siki tu

Mzee_wa_Mashudu (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kwenye magrupu ya wafugaji inazunguka tena ile video ya pipa: sukari guru kilo moja, maganda ya matunda kilo tatu, maji lita kumi, funika miezi mitatu, kisha mimina kwenye maji ya kuku. Wanaita "vimeng'enya vya asili" na kuna watu tayari wanauza kwa lita. Inboksi yangu imejaa swali hilo hilo, kwa hiyo naandika hapa mara moja. Mwenye kubisha abishe mbele ya watu.

Nianze kwa kutenda haki: wazo lenyewe si la kubuni. Nanasi lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini, na kazi yake ni kukata protini. Ule muwasho wa ulimi ukizidisha nanasi, sehemu yake ni bromelaini inachubua ngozi laini ya mdomo. Mkemia wa Venezuela, Vicente Marcano, aliitambua kwenye juisi ya nanasi mwaka 1891. Mwaka 1957 watafiti wa Hawaii wakaonyesha kwamba shina la mnanasi, lile linalobaki shambani baada ya kuvuna, lina bromelaini nyingi kuliko tunda, na mpaka leo ya kibiashara inatolewa zaidi kwenye shina. Maganda na kile kigumu cha katikati navyo vinayo. Ukisindika nanasi, maganda, kigumu cha katikati na majani ya kichwani vinakaribia nusu ya uzito wote. Sisi tunamwaga. Pita nyuma ya soko lolote la matunda Dar msimu wa nanasi za Kiwangwa, inzi watakuonyesha njia.

Tatizo ni pipa. Kimeng'enya ni protini, na bromelaini kazi yake ni kukata protini, haichagui: ikikosa cha kukata inakatana yenyewe kwa yenyewe. Hapo hapo hamira za porini zinageuza sukari kuwa pombe, bakteria wanaigeuza pombe kuwa asidi ya siki, na joto la Dar linamalizia. Baada ya miezi mitatu una siki ya matunda yenye harufu nzuri. Mapishi hayo yalianzia Thailand kwa Dk. Rosukon Poompanvong, na sifa yake kubwa ni kusafishia sakafu, vyoo na mifereji. Kwa kazi hiyo sina ugomvi nayo. Kuiita kimeng'enya cha chakula cha mifugo ndipo ninapoinua mkono.

Mtu akikuuzia kimeng'enya muulize: ni kipi, na kina yuniti ngapi kwa gramu? Vimeng'enya havipimwi kwa lita wala kwa ukali wa harufu, vinapimwa kwa kazi vinayofanya. Asipokuwa na jibu, huyo anauza maji ya maganda.

Nitaendelea na njia ninayoiona ina faida kwa mfugaji wa kawaida. Kwanza ulizeni.

Mama_Vifaranga

Shikamoo mzee wa mashudu. Mimi natumia hiyo ya pipa kwa kuku wa mayai na sitadanganya, kuharisha kumepungua. Sasa unataka kuniambia naona vitu ambavyo havipo?

Mzee_wa_Mashudu

Marahaba mama. Unaona kitu kilichopo, ila sifa kapewa asiyehusika. Maji yenye asidi kidogo yanabana bakteria wengi wa tumbo na yanapunguza uchafu wa kwenye vinyweo. Hata kwenye mabanda makubwa wanatia asidi kwenye maji kwa makusudi. Kwa hiyo endelea ukipenda, lakini usizidishe mpaka kuku wakatae kunywa, usiweke kwenye vinyweo vya bati maana asidi inakula madini, na usitoe premiksi (ule mchanganyiko wa vitamini na madini) kwa sababu ya siki. Siki haina vitamini za kuziba pengo hilo.

Binti_Maabara

Naunga mkono, na naongeza jinsi ya kupima nyumbani bila kuamini mtu yeyote, hata mleta uzi.

Nunua jelatini isiyo na ladha, ile ya wapishi wa keki. Koroga kwenye maji moto, acha ipoe iwe vuguvugu, gawa kwenye vikombe vinne. Cha kwanza tia juisi ya maganda mabichi uliyosaga sasa hivi. Cha pili juisi hiyo hiyo ikiwa imechemshwa na kupoa. Cha tatu maji ya pipa. Cha nne siki ya dukani. Kiasi kiwe sawa kote. Weka friji usiku kucha. Jelatini ni protini, kwa hiyo penye bromelaini hai haitaganda. Penye iliyochemshwa itaganda, kwa sababu joto limeua kimeng'enya. Ndiyo maana nanasi la kopo linakubali kwenye jeli na nanasi bichi halikubali.

Kikombe cha siki usikiruke. Asidi peke yake inalegeza jelatini, na bila hicho mtu wa pipa ataona kikombe chake kimelegea aanze kushangilia.

Jini_la_Mbagala

Dada hapo umeua. Naenda kununua jelatini, jirani yangu anauza haya maji chupa buku tano.

Mkulima_Thika

Niaje wazee. Niko Thika, mananasi huku ni mengi. Nataka kujua vile mtu anaweza kutoa hiyo bromelaini mwenyewe, step kwa step. Pia nina ng'ombe wanne wa maziwa, wanaweza kufaidika?

Binti_Maabara

Kutoa yenyewe si uchawi. Unaosha maganda na vigumu vya katikati, unakata, unasaga na maji baridi kiasi sawa kwa uzito, unachuja kwa kitambaa safi, unazungusha kwenye mashine ya sentrifuji ili makapi yashuke. Kimiminika cha juu ndicho kimeng'enya ghafi. Kila kitu kikae baridi, karibu nyuzi 4. Kutoka hapo unakifanya kitue chini kama mashapo kwa ethanoli iliyopozwa au kwa chumvi ya salfeti ya amonia, unaondoa chumvi, unakausha kwa baridi.

Yanayoharibu kazi: vyombo vya shaba na chuma cha kawaida. Bromelaini inategemea salfa iliyo kwenye sehemu yake inayokata, metali na hewa vikiigusa hiyo salfa inakufa. Tumia plastiki au chuma kisichoshika kutu. Na salfeti ya amonia ninayosema ni ya maabara. SA ya mbolea, ile ya kwenye mfuko, isikaribie chakula cha mnyama.

Vaa glavu na barakoa. Unga mkavu wa vimeng'enya hivi ukivutwa puani unaleta pumu ya kazini, hili limeandikwa miaka mingi kwa wafanyakazi wa viwandani.

Mzee_wa_Mashudu

Mkulima wa Thika, soma hayo ya dada halafu hesabu umeme. Friji, sentrifuji, mashine ya kukausha kwa baridi. Kiwanda kinachomenya tani za nanasi kila siku mahali pamoja kinaweza kulifikiria hilo. Mtu mwenye ndoo sita za maganda hawezi, maganda mengi yake ni maji na kimeng'enya ni chembe ndani ya maji hayo.

Ng'ombe sahau habari ya kimeng'enya. Tumbo lake la kwanza ni kiwanda cha vijidudu, wana vimeng'enya vyao na wataikata bromelaini kama protini nyingine. Ila maganda yenyewe mpe, yana sukari na nyuzi laini. Kwa kuwa yana maji mengi, tengeneza saileji: changanya na kitu kikavu, pumba au mabua yaliyokatwa, shindilia hewa itoke, funika vizuri. Usimpe mengi kwa mara moja, sukari nyingi ghafla inaleta tindikali tumboni. Wenzetu Brazil na Florida wanafanya hivyo kwa machungwa kwa miaka mingi: makapi ya kiwanda cha juisi yanatiwa chokaa ili maji yakamuke, yanakaushwa, yanakuwa chakula cha ng'ombe. Hakuna anayeita kimeng'enya, na hela wanapata.

Ndugu_wa_Beni

Salamu toka Beni, Kivu ya Kaskazini. Nyinyi munaongea nanasi, huku kwetu ni paipai. Watu wanachanja tunda bichi asubuhi mapema jua bado halijawa kali, maziwa yanatiririka, wanakinga, wanakausha, wanauza kwa wenye kupeleka nje. Hiyo ni papaini. Kazi ni ileile ya kukata protini. Lakini mikono ya wale wachanjaji, mungu wangu, inachubuka.

Mzee_wa_Mashudu

Asante sana ndugu. Na wengi hapa hawajui kwamba Tanganyika ya wakati wa Mwingereza ilikuwa muuzaji mkubwa wa papaini duniani. Wazee wa Kaskazini wanaweza kuwa na la kusema. Tofauti ni kwamba mpapai unakupa utomvu uliojaa kimeng'enya, tena unakauka kwa jua lisilo kali au joto dogo. Maganda ya nanasi yanakupa supu nyepesi. Mtu akitaka lazima *kuuza* kimeng'enya kwa mtaji mdogo, aangalie mpapai kabla ya nanasi.

Hesabu_Kwanza

Mleta uzi unazunguka sana. Weka mchanganuo. Hivi vimeng'enya vya dukani vinavyowekwa na viwanda vya chakula vinaokoa shilingi au ni mbwembwe?

Mzee_wa_Mashudu

Haya, tuache nanasi kidogo.

Kinachotumika zaidi duniani kwenye chakula cha kuku na nguruwe ni faitesi, na hakitoki kwenye tunda. Cha kwanza kuuzwa kilitokana na kuvu aitwaye Aspergillus niger, mwaka 1991. Fosforasi iliyo ndani ya mahindi, pumba za mpunga na mashudu, karibu theluthi mbili imefungwa kwenye kitu kinaitwa faiteti. Kuku hana ufunguo wake. Ndiyo maana unanunua DCP, ile poda ya fosforasi na kalsiamu, huku fosforasi ya bure inatoka na kinyesi.

Kipimo cha kawaida ni yuniti 500 kwa kilo ya chakula. Tani moja ni yuniti 500,000. Bidhaa ikiwa na yuniti 5,000 kwa gramu, unahitaji gramu 100 tu kwa tani nzima. Waunda chakula huikadiria dozi hiyo kwamba inafungua karibu gramu 1 ya fosforasi kwa kilo, yaani kilo 1 kwa tani. DCP ina fosforasi kama asilimia 18, kwa hiyo unapunguza DCP kilo tano na nusu hivi kwa tani. Chukua bei ya DCP ya mjini kwako, zidisha, toa bei ya gramu 100 za faitesi. Utaona mwenyewe.

Angalizo la mchanganyaji: gramu 100 huwezi kuzirusha kwenye tani ukategemea bahati. Changanya na kilo ya pumba, kisha kilo kumi, kisha mia, ndipo uingize kwenye mashine. Na ukipunguza DCP umepunguza na kalsiamu, rudisha kwa chokaa ya mifugo, la sivyo maganda ya mayai yatakuambia. Anayetengeneza peleti aangalie joto: ikifika nyuzi 80 na zaidi vimeng'enya vingi vinakufa, isipokuwa vilivyofunikwa kwa ajili hiyo.

Sasa linganisha. Ukitaka kukamua bromelaini uiuze kama nyongeza ya chakula, unashindana sokoni na vitu vinavyowekwa gramu 100 kwa tani vyenye yuniti zilizoandikwa kwenye lebo. Wewe una ndoo.

Kijana_wa_SUA

Mzee lakini maganda yanaweza kuwa chakula cha huyo kuvu. Tumesoma kwamba unaweza kuotesha Aspergillus niger juu ya maganda ya machungwa au embe yaliyochanganywa na pumba, ukavuna vimeng'enya kama pektinesi, zailanesi, hata faitesi. Hapo unatumia taka bila kutegemea bromelaini.

Mzee_wa_Mashudu

Kweli kabisa, na kwa maoni yangu ndiyo njia yenye mustakabali kwa matunda mengi. Lakini kijana wangu, useme na upande wa pili. Inahitaji mbegu ya kuvu inayojulikana, vyombo vilivyochemshwa na mtu wa kupima sumu. Ukiacha maganda yaote ukungu bandani, hujui aliyeota ni nani. Binamu yake Aspergillus flavus ndiye mwenye sumukuvu. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Na hata huyo niger, baadhi ya aina zake zinatoa sumu nyingine. Msomaji akiona maganda yake yamevaa koti la ukungu, la rangi yoyote, asilishe, atupe.

Nguruwe_ni_Mali

Mimi shida yangu ni vitoto vya nguruwe kuharisha vikiachishwa. Hiyo bromelaini inasaidia?

Binti_Maabara

Hapo ndipo ina ushahidi mzuri. Mwaka 1998 lilichapishwa jaribio kwenye jarida la Gut: vitoto vya nguruwe vilivyopewa bromelaini vilikingwa na kuharisha kunakoletwa na E. coli aina ya K88. Bromelaini inanyoa vile vishikizo kwenye ukuta wa utumbo ambavyo bakteria hujishikiza, akikosa pa kushika anapita. Lakini waliotumia walitumia bromelaini yenye kipimo. Juisi ya maganda ni bahati nasibu: leo nanasi limeiva sana, kesho halijaiva, dozi haifanani. Na kuharisha kwingine kunatokana na vitu tofauti kabisa. Mpigie daktari wa mifugo kwanza, na vitoto vipewe maji ya chumvi na sukari visikauke.

Mzee_wa_Mashudu

Sasa nije kwenye nilichokusudia. Watu wanahangaika kukitoa kimeng'enya kwenye ganda, wakihifadhi, wakiingize tumboni mwa kuku kikiwa hai. Kila hatua kinakufa kidogo. Mimi nasema kiache kwenye ganda lake, ukifanyishe kazi *nje* ya mnyama, siku hiyo hiyo, halafu kife salama. Huhitaji friji wala sentrifuji.

Kazi gani? Mabaki ya samaki. Vichwa, mifupa ya kukwangua na ngozi kutoka soko la Feri, au mapanki ya sangara, yale yanayobaki minofu ikishakatwa, kwa ndugu zetu wa Mwanza. Dagaa wa chakula cha kuku bei yake mnaijua, na mara nyingi nusu ni mchanga.

Nasaga mabaki ya samaki, nasaga maganda na vigumu vya nanasi vya asubuhi hiyo, nachanganya sehemu nne za samaki kwa moja ya nanasi. Sufuria ya chuma kisichoshika kutu juu ya moto mdogo wa mkaa, kipimajoto ndani, nashikilia nyuzi 50 hadi 55, nakoroga. Bromelaini inapenda joto hilo. Baada ya saa chache nyama inaachia mfupa, unabaki na uji. Hapo nachemsha kabisa, robo saa na zaidi. Nachuja mifupa, naengua mafuta ya juu, nachanganya uji na pumba, naanika kwenye turubai juu ya kichanja mpaka ukauke kabisa.

Kosa linaloweza kuua mifugo ni kuacha mchanganyiko kwenye vuguvugu la nyuzi 30 au 40 kwa saa nyingi. Huko unafuga vijidudu. Kama huna kipimajoto, usianze. Njia nyingine ni saileji ya samaki kwa asidi ya fomiki, asilimia 3 hivi ya uzito, mpaka karatasi ya pH isome chini ya 4, lakini asidi hiyo inaunguza na inahitaji mtu makini.

Kijana_wa_SUA

Swali la kuudhi kidogo: utumbo wa samaki wenyewe una vimeng'enya vya kukata protini. Saileji ya samaki inayeyuka bila nanasi. Sasa nanasi linaongeza nini?

Mzee_wa_Mashudu

Si la kuudhi, ndilo lilipaswa kuulizwa. Ukiwa na utumbo mwingi na freshi, nanasi linaongeza kidogo, hasa harufu nafuu na asidi kiasi. Faida yake inaonekana kwenye vichwa na mapanki yaliyokwisha kutolewa utumbo, ambayo ndiyo mengi sokoni. Hayo bila nanasi yanakaa tu yanaoza.

Na kule kuchemsha mwishoni kuna sababu ya pili. Baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, kinaitwa thiaminesi. Hicho kiko hai kwenye samaki mbichi unaowarushia kuku na nguruwe. Moto unakiua.

Hesabu_Kwanza

Hapa sasa tunaongea. Nikitaka kuuza kwa mifuko?

Binti_Maabara

Ukiuza umeingia kwenye Sheria ya Maeneo ya Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010, kwa hiyo anza na afisa mifugo wa halmashauri yako. Sampuli peleka Wakala wa Maabara ya Veterinari pale Temeke wapime protini, majivu na unyevu. Majivu yakiwa juu mno jua mifupa imebaki mingi na protini imeshuka. Usibandike asilimia ya protini ya kukisia.

Mama_Vifaranga

Mzee, mayai hayatanuka samaki?

Mzee_wa_Mashudu

Yatanuka ukiwa mvivu wa kuengua mafuta. Harufu nyingi imo kwenye mafuta, na sangara anayo mengi. Acha uji upoe, mafuta yatapanda juu, toa yote. Anza na asilimia 3 ya chakula kwa uzito mkavu, usivuke 5 kwa kuku wa mayai. Kuku wa nyama waachishe wiki mbili za mwisho kabla ya kuchinja. Kila kundi la kwanza kaanga yai moja mwenyewe kabla hujampelekea mteja trei.

Jini_la_Mbagala

Mrejesho wa jelatini: juisi mbichi imebaki maji. Iliyochemshwa imeganda. Ya jirani imeganda, siki nayo imeganda ila imelegea kidogo. Nimempelekea jirani vikombe vyote vinne. Amesema friji yangu ina matatizo.